Nyuzi Moja na Ushei

Ng'hong'honha, saa tano usiku. Upepo unasukuma vumbi
chini ya mlango wa maabara, nami nimeuziba kwa kanga mbichi,
maana chembe moja ya Dodoma ikitua hapa
ni mlima.

Nimebandua penseli kwa selotepu.
Bandika, bandua. Bandika, bandua.
Weusi unakuwa kijivu, kijivu kinakuwa moshi,
moshi unakuwa kitu ambacho hadubini yenyewe inakikisia:
utando wenye urefu, wenye upana,
na kimo cha kuazima.

Utando mmoja ukiwa peke yake unajulikana. Vitabu vimeumaliza.
Mimi nasaka kinachozuka
wa pili unapolazwa juu ya wa kwanza.

Hakuna gundi. Hakuna msumari.
Kuna mvuto mdogo tu, wa ujirani,
kama wa Mama Chilongani na wifi yake pale Mvumi:
hawasemezani mwaka wa sita huu,
lakini moshi usipofuka jiko la mmoja
jiko la pili hutuma mtoto.

Mvumi hukohuko, mwaka ule mtama uliposinyaa shambani,
chandarua chetu kilitobolewa na panya.
Mama hakununua kipya. Alikifunika kwa kingine kibovu,
tundu la hiki likasitiriwa na nyuzi za kile.
Nilikuwa na homa. Kibatari kiliyumba.
Nikaona juu yangu maua makubwa, ya duara, yasiyofumwa na mtu,
hayamo katika kile, hayamo katika hiki,
yamo katikati.
Mama akivuta pindo kidogo, maua yanatanuka.
Akivuta sana, yanasagika kuwa mchanga.
Nilimwonyesha. Akanishika paji la uso,
akaniongezea klorokwini.

Shuleni nikaambiwa pembe hupimwa kwa nyuzi.
Nilicheka peke yangu, mwalimu akanitoa nje.

Basi nageuza. Nyuzi tatu, bado. Nyuzi mbili, bado.
Nyuzi moja na ushei:
hapo elektroni zilizokuwa zikitimka kama mbuzi waliofunguliwa
zinapunguza mwendo, zinasongamana,
zinaanza kusikilizana,
na ukizipoza kupita baridi zote zenye jina
zinapita bila kulipa ushuru popote.
Baridi hiyo hatuna. Ya kwetu, ya Julai, huishia masikioni.
Sampuli itapanda ndege. Mimi nitabaki na selotepu.

Ila kwanza tanuri,
kwa sababu tando mbili hazilali pamoja bila kufunika kitu:
pumzi, tone la maji, mafuta ya kidole cha nani sijui.
Vinatuna katikati kama neno lililomezwa.
Moto huvisukuma hadi pembeni.

Juma lililopita nilizidisha moto.
Malengelenge yaliondoka yote, uso ukanyooka kama shuka la wageni,
nikapiga kigelegele mimi mtu mzima.
Ndahani akapima. Akapima tena. Akanigeuzia kioo bila neno.
Tando zilikuwa zimejirudi,
kila chembe imekaa pale mwenzake alipotaka ikae,
mstarini, kama paredi ya asubuhi.
Zimeelewana kabisa.
Hazina tena la kuambiana.
Miezi minne ya kazi, na kioo kinaniambia
nimetengeneza penseli.

Mama alipiga simu jioni.
Akauliza kama hicho kitu kisichoonekana kimeonekana.
Nikasema kimenyooka.
Akasema, si vizuri?
Nikasema hapana, Mama. Kile chandarua unakumbuka?
Akakaa kimya kidogo, kuku wake wakilia nyuma yake.
Akasema: kile nilikifunga vibaya. Kiliniudhi miaka yote.

Saa sita kasoro. Kanga imekauka mlangoni, naisikia ikipepea.
Utando wa pili unaning'inia juu ya wa kwanza,
karibu kiasi cha kuanza kumvuta mwenziwe.
Nabana pumzi.
Nafunga vibaya,
kwa makini.